Bawasiri si jibu: shajara ya mradi wetu, Juni hadi Novemba 2025

Jumamosi, 14 Juni

Chumba kimepatikana. Kiko nyuma ya fremu ya fundi cherehani, upande wa Temeke, na zaidi ya hapo sisemi. Cherehani nne zinalia tangu asubuhi hadi magharibi, na hizo ndizo zilizotufanya tukipende: mkiongea ndani kwa sauti ya kawaida, nje hasikii mtu. Fundi anajua sisi ni watu wa semina ya afya. Hajadanganywa.

Naandika kwa sababu wenzetu wa mikoani wanauliza tunaendeshaje mradi huu wa afya ya ngono kwa vijana wa kiume wanaopenda wanaume. Majina hayatakuwemo. Kila kijana nitamwita kwa kazi yake, na kazi mbili tatu nimezibadilisha, kwa hiyo usijisumbue kumtafuta mtu.

Tulikotoka ni hivi. Hadi Januari tulikuwa na dropini: mahali pa kupima, kuchukua dawa, kulala mchana kama umefukuzwa nyumbani. Januari 20 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na haikuchukua muda tukakuta mlango una kufuli. Februari likaja tangazo kwamba fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ziendelee kulipia baadhi ya huduma, ila PrEP, dawa kinga dhidi ya VVU, ibaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Katika vijana wetu sijamwona mjamzito.

Tulichonacho sasa: waelimishaji rika watano ambao hawana tena posho, maboksi ya kondomu, chati za kufundishia zilizochakaa pembeni, na vijana 14. Wote wametimiza miaka 18. Mlangoni tunaangalia mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho, hatunakili kitu. Aliye chini ya hapo hatumpokei hata akilia. Tunampa namba 116, ya msaada kwa watoto, na tunamsindikiza hadi kituoni apande gari. Nimeona watu wakilalamika kwamba huo ni ukatili. Waje wao waongoze mradi huu kwa wiki moja, kwenye nchi hii, halafu tuongee.

Kila mwelimishaji amepewa vijana watatu, mmoja ana wawili. Tumekubaliana tuwaite walezi. "Mnasihi" lilipendekezwa likachekwa.

Jumamosi, 28 Juni

Somo la kwanza, kondomu na vilainishi. Nilidhani ni somo la dakika ishirini.

Niliuliza nani anatumia nini. Wanane kati ya waliokuwepo wanatumia mafuta ya mgando, wawili mafuta ya nazi, na kijana wa chipsi akasema kwa upole kabisa kwamba yeye huchukua yanayokuwa karibu. Tukacheka hadi mmoja akatoka nje kupumua. Lakini ukiwauliza kwa nini, jibu ni la kweli: Julai 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi, kwa hoja kwamba vinahamasisha ushoga, na tangu hapo kukipata cha maji ni kazi ya kujuana. Mafuta ya mgando yako kila duka, na hakuna anayekuuliza ya nini.

Basi nikapuliza kondomu mbili hadi zikawa kama maputo. Moja mlezi akaipaka jeli ya maji, nyingine mafuta ya mgando, akawa anasugua taratibu kwa kidole gumba huku tunahesabu kwa sauti. Ya mafuta ilianza kubadilika pale kidole kilipopita, ikawa na ukungu, ngozi ikalegea kama ya embe lililoiva mno. Hatukufika mbali. Ikapasuka kwa mlio ambao cherehani zote nne zilinyamaza.

"Mmepasua nini huko?" fundi akauliza.

"Puto, fundi. Samahani."

"Semina gani ya maputo?"

Hakuna aliyejibu. Cherehani zikaendelea. Nadhani hakuna atakayesahau somo hilo, nami nitanunua maputo ya kweli niyaache mezani.

Jumamosi, 19 Julai

Dawa kinga. Nilikuja nimejiandaa kwa somo, wao wakaja na simu. Tarehe 14 mwezi huu Shirika la Afya Duniani limependekeza lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, na habari imeshazunguka kwenye kila kundi la WhatsApp. Mwanafunzi wa chuo alikuwa amesoma hadi utafiti wenyewe: kati ya watu 2,179 waliochomwa, walioambukizwa walikuwa 2. "Kaka, inakuja lini Mwananyamala?" Nikamwambia alichonacho leo ni kidonge, na kidonge kinafanya kazi kwa anayekimeza.

Tulikaa sana kwenye ile njia ya mbili-moja-moja, ambayo ni ya wanaume na si ya kila mtu. Kinyozi hakuielewa nilipoisema, akaielewa mlezi wake alipoichora kama ratiba ya miadi: Jumamosi mnakutana saa 4 usiku, saa 2 usiku unameza mbili. Jumapili saa 2 usiku moja. Jumatatu saa 2 usiku moja. Ukishiriki tena katikati, unaendelea na kimoja kila siku hadi siku mbili baada ya mara ya mwisho. Mwenye homa ya ini B asianze wala asiache dawa hizi bila daktari, kwa sababu dawa hiyohiyo inamshikia na ini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kati ya wote, aliyewahi kupimwa homa ya ini ni mmoja tu. Chanjo yake ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Nimeandika pembeni: tafuta bei, tafuta nauli.

PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU baada ya tukio, tuliipitia haraka: ndani ya saa 72 tangu tukio, na ukiwahi zaidi ndiyo bora, kisha siku 28 bila kuruka. Konda akauliza kama saa 72 zinahesabiwa na Jumapili. Zinahesabiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimeandika usiku kwa sababu nimeshindwa kulala.

Kinyozi hakai. Nimemwona wiki tatu zilizopita anasimama ukutani wakati wenzake wamekaa mkekani, nikadhani ni kuchoka. Kinyozi anasimama kutwa, ana haki ya kupenda ukuta. Leo mlezi wake akaniita pembeni. Kijana anaumwa tangu Mei.

Tulikaa naye watatu baada ya wengine kuondoka. Akatoa kwenye mkoba chupa tatu za plastiki, zile za maji ya kunywa zilizobanduliwa karatasi, ndani kitu cha rangi ya matope. Dawa ya bawasiri. Ameinunua Kariakoo, kwa wale wanaopita na spika wakitangaza bawasiri, chango na nguvu za kiume kwa pumzi moja. Kila chupa elfu kumi na tano. Alipoona haziponyi akaenda zahanati, akamwambia daktari ana bawasiri. Daktari akamwandikia dawa ya kupaka na kumwambia ale papai na anywe maji.

"Alikuangalia?"

"Hapana kaka. Nilimwambia ni bawasiri, akaamini."

"Kuna nini hasa?"

Kimya kirefu. Kisha akasema kuna maumivu akienda haja, damu kidogo, na kitu kama usaha kwenye nguo ya ndani, na muda wote anahisi haja wakati haja hakuna. Nilimuuliza kwa nini hakuyasema hayo kwa daktari. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini hajaruka.

"Ningeyasema kwa neno gani?"

Jumatatu mlezi amempeleka kwa daktari tunayemwamini. Kisonono, cha nyuma. Sindano moja na vidonge, na agizo la kurudi. Miezi mitatu ya maumivu na pesa ya kodi ya chumba vimeishia kwenye maji ya matope, kwa kukosa sentensi moja.

*(Niliongeza mstari wa Jumatatu baadaye.)*

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeahirisha somo la chanjo. Tumeongea lugha siku nzima.

Nilianza kwa kuwauliza: neno bawasiri mmelitumia wangapi? Mikono saba. Saba! Mmoja alikuwa na masundosundo, mmoja hajui alikuwa na nini hadi leo. Bawasiri kwetu limekuwa koti la mvua, kila anayelowa analivaa.

Kisha tukajaribu kupata neno la sehemu yenyewe. Kijana aliyesoma madrasa akasema tupu ya nyuma, wengine wakamheshimu ila wakasema hawawezi kulitamka mbele ya nesi bila kucheka. Lile la matusi hakuna aliyelitaka. Wawili wakataja jina la zamani la mtandao mmoja wa simu, na kila mtu wa Dar anajua nasema nini. Mtandao wenyewe umeshabadili jina, mtaa bado haujabadilisha. Tukabaki na njia ya haja kubwa. Refu, la kihospitali, halina ladha, na ndiyo sifa yake.

Halafu mwanafunzi akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, nami nazungumza Kiswahili tangu nimezaliwa. Alisema: "Kaka, lugha yetu inatuficha vizuri mno." Kweli. Naweza kupanda daladala Mbagala hadi Posta nikimsimulia jirani habari za mpenzi wangu, alivyoninunia, alivyonipikia, alivyorudi usiku, na jirani asijue ni mwanamume. *Yeye* ni *yeye*. *Mwenzangu* ni *mwenzangu*. Kiingereza kingenikamata kituo cha pili. Kinachotukamata sisi ni ndoa tu, pale fomu inapouliza umeoa au umeolewa.

Nina rafiki yangu wa kike ambaye bibi yake humwita kila mwanamke mwenzake shoga, kwa mapenzi, na hajui kwamba neno hilo limehamishwa likageuzwa jiwe. Hiyo ni habari nyingine.

Nilichokuwa nataka kusema: kujificha huko kunatuokoa kwenye daladala na kunatuumiza kwa daktari. Unamwambia "mwenzangu", yeye anasikia binti. Anakupima mkojo, anakuangalia mbele, mbele ni pazima, unarudi nyumbani na kisonono chako nyuma au kooni, ambako mara nyingi hakioneshi dalili yoyote. Kaswende ndiyo kabisa. Kidonda chake cha kwanza hakiumi, na kikiwa ndani hukioni. Kinapona chenyewe na ugonjwa unabaki kwenye damu.

Kwa nini hawasemi? Si aibu peke yake. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 30 hadi maisha, na wote wamesikia habari za watu waliokamatwa kisha wakapelekwa hospitali kukaguliwa huko nyuma kwa nguvu, eti kutafuta ushahidi. Ukaguzi ule kitabibu hauthibitishi kitu. Chama cha Madaktari Duniani kilitoa azimio mwaka 2017 kikitaka madaktari waache kuufanya. Lakini kijana hasomi maazimio. Yeye akiambiwa "panda kitandani, geuka," anamwona polisi.

Jumamosi, 6 Septemba

Maigizo. Tumetengeneza dirisha la mapokezi kwa kiti na kanga ya dada yake konda. Mlezi wetu wa kike, ambaye ni muuguzi mstaafu, alikaa ndani akiwa nesi mkali. Hakuigiza sana.

"Haya, na wewe una nini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini? Watu wako nyuma yako."

"Naumwa... tumbo."

"Tumbo! Nenda pale, subiri." Akampigia makofi kwenye kiti. "Umeondoka na nini? Umeondoka na mseto wa malaria. Anayefuata."

Tuliigiza hivyo hadi saa nane. Kilichotoka, na hiki wenzetu wa mikoani mkichukue kama kilivyo, ni kwamba vijana walikuwa wanadhani kuna mambo mawili tu: kuficha yote au kujitangaza. Mama yetu muuguzi akawaambia daktari anahitaji kujua *wapi*, hahitaji kujua *nani*. Njia ya haja kubwa kila binadamu anayo, na wanawake wanaoshiriki kwa njia hiyo wako wengi tu na nao wanaugua. Sentensi waliyoikubali ni hii:

*Naomba nipimwe magonjwa ya ngono, na njia ya haja kubwa pia.*

Basi. Haina *mwenzangu*, haina *yeye*, haina jinsia ya mtu. Akiuliza mwenza yuko wapi, unasema atakuja kivyake. Dirishani hata hiyo huisemi; unasema nina shida ya faragha, naomba kumwona daktari. Sentensi yenyewe unaisema mlango ukishafungwa.

Kila mmoja ameitamka mara kumi. Mara ya kwanza walikuwa wananong'ona. Kijana wa chipsi aliisema kama anayeagiza mayai mawili, na tulipomtaka aiseme taratibu akagoma, akasema akiipunguzia mwendo itamkwama.

Nikawapa walezi kazi: kabla ya kumpeleka kijana mahali, mlezi aende mwenyewe kwanza kama mgonjwa na sentensi hiyohiyo. Vituo vitano tumeorodhesha. Kimoja tumekifuta siku ileile: mlezi aliposema, mhudumu alitoka akamwita mwenzake, na wa pili akamwita wa tatu waje wamwone. Hakupigwa, hakutukanwa. Walimwangalia tu. Aliondoka bila kupimwa, akatembea hadi Buguruni kwa miguu kwa sababu hakutaka kukaa karibu na watu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwanafunzi amejipima VVU na majibu yamekuja na mistari miwili. Kifaa ni kile cha mate. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Aliangalia dakika ishirini zilipotimia, akanipigia bila kusema kitu. Nilisikia feni tu.

Kujipima si jibu la mwisho, nikamwambia, kituo lazima kithibitishe. Kituo kimethibitisha. Ameanza dawa siku hiyohiyo, kidonge kimoja kwa siku, kile chenye dolutegravir.

Nilimwambia habari yangu, ambayo wengi kwenye kundi hawaijui. Nameza kidonge hicho. Wingi wa virusi kwangu hauonekani kwenye kipimo miaka yote hii, na virusi visivyoonekana haviambukizwi kwa ngono. Akaniuliza kama ni maneno ya kufariji. Nikamwonesha kadi yangu ya CTC, kliniki ya matunzo na matibabu ya VVU, tarehe na namba, akaisoma mstari kwa mstari kama hati ya kiwanja.

Jumanne, 7 Oktoba

Mambo ya kawaida. Nauli imeisha. Mlezi mmoja amepata kazi Dodoma, vijana wake nimewachukua mimi. Konda amenaswa na mtego wa mtandaoni: alimtumia mtu picha yenye uso, mtu akageuka na kudai laki mbili. Hakulipa, alikuja kwetu kwanza, tukamsaidia kuhifadhi ujumbe wote na kumzuia. Kanuni zetu ni zilezile, uso hautumwi, mara ya kwanza mnakutana mahali penye watu na mlezi anajua uko wapi. Vijana wanazijua kwa moyo na wanazivunja kwa moyo.

Jumatano, 5 Novemba

Intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, ikarudi tarehe 3. Hapa Dar jioni ya siku ileile ya uchaguzi ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12. Ya wiki ile kila mtu anayo yake, sitayaandika hapa.

Ya mradi ni haya. Kila kitu chetu kilikuwa WhatsApp: vikumbusho vya dawa, miadi, hata anwani za kwa nani uende ukikwama. Siku tano hatukujuana nani mzima. Vijana wawili waliishiwa dawa kinga, na mwanafunzi alibakiza vidonge vitatu vya ARV huku kituo chake kikiwa ng'ambo ya mji. Aliyeokoa ni kinyozi. Alitembea asubuhi mtaa kwa mtaa na begi la mashine zake, mtu akimuuliza ni kinyozi anaenda kwa wateja, akafika kwa kila aliyemjua anapoishi. Wanne hakuwajua, kwa sababu mimi niliamuru mtu asijue kwa mwenzake. Bado sijui kama nilikosea.

Tangu leo kila kijana anayetumia dawa anaweka akiba ya wiki mbili, na kila mlezi anajua nyumba za vijana wake kichwani, bila kuandika.

Jumamosi, 22 Novemba

Fundi ametuuliza kama semina yetu inapokea na wapwa. Ana mmoja wa miaka 22, "hana shida yoyote, ila hakai na watu." Hakuongeza neno. Nikamwambia aje Jumamosi na kitambulisho. Alirudi kwenye cherehani yake, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya tatu ndipo ukapita.

Chanjo ya homa ya ini: tisa wamepata dozi ya kwanza, sita ya pili.

Kijana wa chipsi alikwenda kupimwa peke yake Alhamisi, mlezi wake alikuwa msibani. Kituo ni cha tatu kwenye orodha yetu. Amesimulia kwamba mlango ulipofungwa daktari alikuwa mzee, mwenye kofia ya baraghashia, na yeye akaona leo kazi ipo. Akaisema sentensi kwa mwendo wake uleule wa mayai mawili. Mzee akaweka kalamu chini.

"Rudia mwanangu, taratibu. Sikio langu hili moja halifanyi kazi."

Ikabidi airudie. Taratibu, na kwa sauti kubwa.

Kaswende. Sindano mbili za penisilini, moja kila tako, na leo ndiye anayesimama ukutani, anatutukana sote.